Saidi mira inayocheza: tafuta kiungo kilicholegea kabla ya kushika bisibisi

Saidi mira ya gari la zamani ikianza kucheza, wengi hukimbilia gundi au tepu nyeusi. Wengine huchukua bisibisi na kukaza kila skrubu inayoonekana. Njia zote mbili huishia kuharibu zaidi, kwa sababu saidi mira si kipande kimoja. Ni vipande kadhaa vilivyoshikana kwa viungo vitatu, na kila kiungo kina sababu yake ya kulegea na njia yake ya kutengenezwa. Kazi yenyewe mara nyingi ni ya nusu saa. Kinachokula muda ni kurekebisha kilichovunjwa na mtu aliyekaza mahali ambapo hapakulegea.

Tukubaliane majina kwanza. Hapa saidi mira ni kifaa chote, na kioo ni kile kipande cha kutazamia tu. Kioo cha mlango kinachopanda na kushuka tutakiita dirisha. Kitako ni sehemu inayolalia bati la mlango. Ganda ni boksi linalobeba kioo. Shingo ni pale ganda linapokunjikia kwenye kitako.

Kutambua kinachocheza

Shika ganda kwa mkono mmoja. Kidole cha mkono wa pili kiweke pale kitako kinapokutana na mlango, nusu ya ncha ikiwa juu ya kitako na nusu juu ya bati. Tikisa ganda juu na chini, kisha mbele na nyuma. Kidole kitahisi hata mwendo wa nusu milimita ambao macho hayauoni. Kama pengo chini ya kidole linafunguka na kufunga, tatizo ni kitako.

Kitako kikiwa kimetulia, sogeza kidole kwenye shingo na urudie. Shingo iliyochoka kwa kawaida hucheza mbele na nyuma, kwa mwelekeo wa kukunja, na wakati mwingine hutoa mlio mdogo wa kugonga. Nayo ikiwa imara, shikilia ganda lisitikisike na ubonyeze pembe nne za kioo kwa zamu, kwa ncha ya kidole. Kioo kizima huinama kwa ugumu na kubaki kilipoinamishwa. Kioo kibovu huyumba kama meza yenye mguu mfupi, na ukikiachia kinarudi au kinaanguka upande mmoja.

Viungo viwili vinaweza kuwa vibovu kwa pamoja. Anza na kitako, kwa kuwa huwezi kupima shingo vizuri wakati kilicho chini yake kinayumba.

Kuna hali moja inayodanganya. Viungo vyote vitatu ni vigumu, lakini picha kwenye kioo inatetemeka gari likiwa limesimama na injini inaunguruma. Tia gia huku umekanyaga breki kama gari ni otomatiki, au washa taa na feni. Mtetemo ukizidi, angalia mipira inayobeba injini kabla ya kuilaumu saidi mira. Mtetemo ukianza kwenye mwendo fulani tu wa barabarani, kagua balansi ya magurudumu. Hakuna nati utakayokaza kwenye mlango ikaponya hayo.

Kitako kilicholegea

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na pia ndilo rahisi. Kwenye magari mengi kitako hushikwa na nati au bolti tatu kutoka ndani ya mlango, nyuma ya kile kifuniko cha plastiki cha pembetatu kilicho kwenye kona ya mbele ya dirisha. Nyingi ni za M6 (thredi ya kipenyo cha milimita 6), zinazofunguliwa kwa soketi ya namba 10. Zile za M5 huchukua namba 8. Magari mengine yana skrubu za nyota, mengine za Torx, zenye tundu la nyota ya ncha sita.

Andaa racheti ndogo, soketi 8 na 10, kiungo cha kurefusha cha sentimita kama 7, bisibisi ya nyota, kipande bapa cha plastiki cha kubandulia, kitambaa na sumaku yenye mpini. Ukikosa kipande cha plastiki, bisibisi bapa iliyozungushiwa tepu ya karatasi mara tatu au nne inafaa.

1. Kama saidi mira inatumia umeme, zima swichi ya gari na utoe ufunguo. Ukitarajia kuchomoa waya, ondoa pia terminali hasi ya betri.

2. Shusha dirisha hadi chini.

3. Chunguza kifuniko cha pembetatu kabla ya kukivuta. Tafuta kizibo kidogo cha mviringo, kwa kuwa mara nyingi kimeficha skrubu. Kama kuna kijiti cha kurekebishia kioo kwa mkono, kofia ya mpira ya kijiti huvutwa ikatoka, na chini yake kuna skrubu au ringi ya kufungua. Kama kuna spika ndogo, jua kwamba nyuma yake kuna waya mfupi.

4. Bandua kifuniko kuanzia ukingo wa juu, karibu na klipu, si katikati. Plastiki ya miaka 20 hukauka na kukatika, hasa kukiwa na baridi. Ipashe moto kwa mashine ya kukausha nywele kwa dakika moja au mbili ili klipu zilainike.

5. Ziba uwazi wa chini kwa kitambaa. Hatua hii watu huiruka, kisha nati hudondoka ndani ya mlango, na kazi ya nusu saa inageuka ya kufungua paneli nzima. Nati ikidondoka, jaribu sumaku kupitia uwazi huohuo kabla ya kugusa paneli.

6. Mwombe mtu aishike saidi mira kwa nje, aiinue kidogo ikae sawa na alama yake ya zamani kwenye rangi. Uzito wake wenyewe huivuta chini, na ukikaza ikiwa imeinama, itabaki imeinama.

7. Kaza nati zote kwa vidole kwanza. Kisha zungusha robo duru kila moja kwa zamu, ukirudia mzunguko hadi zote ziwe ngumu. Ukimaliza moja kabisa kabla ya kugusa nyingine, kitako hukaa upande, na ile ya kwanza italegea ndani ya wiki.

Kwa nati ya M6, nguvu ya kukaza ya 6 hadi 8 Nm (nyutonimita) inatosha. Kwa M5, 3 hadi 5. Kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu. Kwa mkono, hiyo ni racheti fupi inayozungushwa kwa kifundo cha mkono tu, bila kutumia bega. Kitako kwa kawaida ni cha alumini au zinki ya kumiminwa, au plastiki yenye nyuzi za kioo, na vyote hivyo hupasuka bila kutoa onyo.

Kwa nini kinalegea tena

Ukikaza leo na wiki ijayo kikalegea, usiongeze nguvu. Fungua kabisa utazame gasketi, ule mpira ulio kati ya kitako na bati. Mpira ukiwa mpya hubanwa na kusukuma nyuma, na msukumo huo ndio unaoshikilia nati. Jua na mvua za miaka mingi huukausha. Unapungua unene, unakuwa mgumu, na hausukumi tena. Nati inakuwa haina cha kubana, kila shimo la barabara linaizungusha kidogo.

Tenganisha plagi ya waya, toa nati zote huku mtu ameshika saidi mira kwa nje, kisha ivute taratibu ukiongoza waya utoke bila kujikwaa. Panguso la spiriti ya kusafishia litaondoa uchafu na mabaki ya mpira. Kama bati limeanza kutu, piga msasa hadi chuma king'ae, paka dawa ya kuzuia kutu, praima na rangi, uache ikauke. Kutu iliyofunikwa na gasketi mpya huendelea kula bati pasipoonekana.

Gasketi ya asili ikikosekana, kata mwenyewe. Chukua mpira wa sponji usionyonya maji, ule wa EPDM, wa unene wa milimita 3. Weka kitako juu yake, chora mzunguko, kata kwa wembe mpya, na toboa matundu ya bolti milimita 1 zaidi ya bolti zenyewe ili mpira usijikunje. Kipande cha tyubu ya gurudumu kinaweza kusaidia pale pengo lilipo jembamba na la usawa, lakini hakibanwi kama sponji na hakizuii maji vizuri kwenye bati lenye mkunjo.

Kujaza silikoni badala ya gasketi ni wazo ambalo huonekana zuri siku ya kwanza tu. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huanzisha kutu kwenye chuma kilicho wazi. Halafu siku ya kufungua tena, rangi hutoka nayo.

Kuhusu gundi ya thredi, ile ya kuzuia nati isijilegeze: tumia ya bluu, yenye nguvu ya wastani, tone moja, na kwenye chuma kwa chuma tu. Gundi hizi hukauka zikiwa zimebanwa kati ya vyuma bila hewa, kwa hiyo kwenye plastiki hazikauki ipasavyo. Baya zaidi, zikigusa plastiki ya ABS au polikaboneti huipasua nyufa ndogo ndogo, na kitako huja kukatika miezi baadaye bila kugongwa. Nyekundu iache kabisa, kwa sababu kuifungua kunataka joto ambalo mlango wenye rangi na plastiki hauwezi kuvumilia. Pale kitako kilipo cha plastiki, nati yenye pete ya nailoni ndani inafanya kazi hiyohiyo bila kemikali.

Nati inazunguka bila kukaza

Sababu ni tatu, na kuzitofautisha ni rahisi ukitazama kwa tochi.

Kama stadi, yaani kijiti chenye thredi kilichopandwa kwenye kitako, inazunguka pamoja na nati, imeng'oka. Funga nati mbili kwenye stadi, zikaze moja dhidi ya nyingine, kisha ishikilie stadi kwa spana kwenye nati ya chini, au ibane ncha kwa vaisgripu mahali pasipo na thredi za maana. Ukishaitoa saidi mira, safisha shimo la stadi, likwaruze, na uirudishe stadi kwa epoksi ya chuma. Iache saa 24 kabla ya kukaza, hata kama pakiti inasema dakika 5. Dakika 5 ni muda wa kuanza kuganda, nguvu kamili huja baadaye.

Kama stadi imetulia lakini nati inateleza, thredi zimekufa. Jaribu nati mpya kwanza, kwa sababu mara nyingi nati ndiyo iliyokwisha na stadi ni nzima. Pale ambapo bolti huingia ndani ya kitako, na thredi za kitako ndizo zilizokufa, una njia mbili. Ya kwanza ni kupanda saizi moja: shimo la M5 hutobolewa kwa keekee ya milimita 5 na kukatwa thredi za M6. Hakikisha kuna nyama ya kutosha pembeni, angalau milimita 3 za chuma kuzunguka shimo. Ya pili ni kuweka thredi ya koili, yaani waya uliosokotwa unaoingizwa shimoni kuwa thredi mpya, ambayo hubakiza saizi ya asili na hudumu zaidi kwenye alumini laini.

Kama kinachozunguka ni ile nati ya klipu iliyovishwa kwenye bati, imepanuka. Usiikunje kwa koleo ukitegemea itashika. Ni kitu kidogo, weka mpya.

Kabla ya kufunga kifuniko, pandisha dirisha taratibu hadi juu na ulishushe. Bolti mpya iliyo ndefu kuliko ya zamani kwa milimita chache inaweza kufika kwenye dirisha na kulichora mstari kila linapopanda.

Shingo iliyochoka

Shingo imetengenezwa ikunjike kwa makusudi. Ganda likigongwa, springi hubanwa, meno ya kiungo huruka, ganda hulala, na mlango unabaki salama. Ndiyo maana kumimina epoksi kwenye shingo ni kosa. Saidi mira itatulia kweli, lakini siku itakapoguswa na kitu, nguvu yote itaingia kwenye bati la mlango, au kwa mtembea kwa miguu aliyeguswa.

Tazama kwanza chini ya shingo. Baadhi ya aina zina kizibo cha mpira, na ndani yake kuna nati au skrubu kubwa inayobana springi. Ikiwa ni hivyo, kaza nusu duru, kunja na kukunjua mara tano, upime tena. Ugumu unaotakiwa ni huu: upepo wa barabarani usiweze kulisogeza ganda, lakini mkono mmoja uweze kulikunja bila kuuweka mwili mzima.

Aina nyingine hazina kizibo. Springi imebanwa kwenye nguzo yenye uwazi katikati, na juu yake kuna washa yenye meno ya ndani yanayoshika nguzo. Ili kuifikia unatoa kioo na mara nyingine ganda. Hapa vaa miwani ya kazi, kwa kuwa springi hii imebanwa vikali na washa ikiachia huruka usoni. Washa yenye meno huteremka kidogo tu ukiisukuma kwa soketi ndefu inayopita juu ya nguzo. Isukume kwa klampu, si kwa nyundo, kwa milimita 1 au 2. Kama nguzo ina nafasi na washa imetoka kabisa, kuongeza washa bapa ya milimita 1 chini ya springi hurudisha ubano uliopotea.

Ukiwa umefika huko, futa vumbi kwenye meno ya kiungo kwa brashi ngumu na upake grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mchele. Grisi ya kawaida ya magurudumu na mafuta ya kulegezea kutu huilainisha na kuivimbisha baadhi ya plastiki na mipira. Meno yaliyolika hadi kuwa mviringo hayana dawa. Springi kali zaidi haitayasaidia.

Saidi mira inayojikunja kwa umeme ni jambo jingine. Ndani kuna gia ndogo za plastiki, na kuilazimisha kwa mkono mara nyingi ndiko kulikoilegeza. Ikiwa mota inaendelea kutoa mlio wa tik-tik baada ya ganda kufika mwisho, gia au klachi imekwisha, na hakuna nati ya kukaza.

Kioo kinachotetemeka ndani ya ganda

Kioo hubandikwa kwenye sahani ya plastiki. Sahani hiyo hubanwa kwa klipu kwenye mota, au kwenye kiungo cha katikati chenye kichwa cha mviringo kama gololi, au huvutwa na kebo tatu kwenye magari yenye kijiti cha mkono. Tatizo linaweza kuwa kati ya kioo na sahani, au kati ya sahani na kinachoibeba.

Vaa glovu, na ubandike tepu kwenye kioo kwa mshazari, pembe hadi pembe, ili kikivunjika vipande visitawanyike. Pasha moto ukingo kwa mashine ya kukausha nywele. Sukuma ukingo wa kioo ulio karibu na mlango uingie ndani kabisa, ukingo wa nje utajitokeza. Ingiza vidole au kipande cha plastiki nyuma yake, karibu na katikati kadiri uwezavyo, uvute sawasawa hadi klipu ziachie. Baadhi ya magari ya zamani hayana klipu bali ringi ya waya. Kuna tundu au mwanya upande wa chini wa ganda, na bisibisi bapa ikiingizwa humo huizungusha ringi ikafunguka. Ukivuta bila kuikumbuka ringi, unavunja sahani.

Kioo cha kupasha joto kina waya mbili nyuma. Shikilia ulimi wa chuma kwa kucha unapochomoa kila waya, kwa maana ulimi huo ukibanduka kwenye kioo, kupasha joto kumekwisha.

Sasa tazama. Klipu zimekatika? Nunua kioo kikiwa pamoja na sahani yake. Kuunganisha klipu iliyokatika kwa gundi hakudumu, kwa sababu kazi ya klipu ni kunyumbuka na gundi haijui kunyumbuka. Kioo kimeachana na sahani tu? Ondoa gundi ya zamani, futa kwa spiriti, tumia tepu ya povu ya pande mbili ya magari, ya unene wa kama milimita 1, ukifunika sehemu kubwa ya sahani. Vipande viwili vidogo vya tepu kwenye pembe ndivyo vinavyozaa mtetemo uliokusumbua.

Kama gari halina vipuri kabisa na kioo kinayumba kwenye mota, kuna njia ya dharura: rekebisha kioo kwanza unavyokitaka ukiwa umekaa kitini, kisha weka matone manne ya silikoni isiyo na asidi kati ya sahani na ganda, moja kila pembe, uache siku nzima. Mtetemo utaisha. Lakini kurekebisha kwa umeme nako kumekwisha, na usijaribu swichi tena, unaweza kuunguza mota bure.

Kurudisha kioo: panga klipu na matundu yake, weka kitambaa, na ubonyeze kwa kiganja katikati, pale klipu zilipo, hadi usikie mlio. Kubonyeza ukingoni ndiko kunakovunja vioo vipya mikononi mwa watu.

Usikubali kukatiwa kioo bapa badala ya kilichobinuka. Kilichobinuka huonyesha eneo pana na kufanya magari yaonekane mbali kuliko yalivyo, na dereva amelizoea hilo. Ukibadilisha, upande mmoja wa gari unapata eneo jipya asiloliona.

Ganda au kitako kimepasuka

Geuza plastiki utafute herufi zilizogandamizwa ndani yake. >ABS< hushika vizuri kwa epoksi ya plastiki, na inaweza pia kuungwa kwa uji wa vipande vya ABS vilivyoyeyushwa kwenye asetoni. >PP<, yaani polipropilini, haishiki epoksi ya kawaida hata ukiomba. Hiyo huunganishwa kwa joto. Gundi ya haraka huganda vizuri lakini ni kavu, na mtetemo wa gari huikata.

Toboa tundu la milimita 2 kwenye mwisho wa ufa ili usiendelee. Chonga mfereji wa V kufuata ufa kwa upande wa ndani, hadi nusu ya unene. Kwaruza kwa msasa wa 80 kwa upana wa sentimita 2 kila upande. Laza wavu mwembamba wa chuma juu ya ufa, kisha epoksi juu ya wavu, ikipenya matundu yake. Saa 24 tena.

Haya yote ni ya ganda. Kitako kilichopasuka kwenye tundu la bolti, hasa cha zinki, badilisha. Hapo ndipo uzito wote unaponing'inia. Ukichukua cha gari lililochinjwa, linganisha idadi ya pini kwenye plagi, nafasi za stadi, na kama kinatoka kwenye gari la usukani upande uleule, kwa kuwa pembe ya kioo hutofautiana.

Saidi mira zilizofungwa kwa nje

Magari makongwe zaidi hayana kifuniko cha pembetatu. Saidi mira ya kromu hukaa juu ya bati la mlango kwa skrubu mbili, au juu ya bawa la mbele (madigadi), kama ilivyokuwa kwenye magari mengi ya Japani kabla ya sheria yao kuruhusu saidi mira za mlangoni mwaka 1983. Mara nyingi mkono wa kromu umevishwa juu ya kibati kilichofungwa mlangoni, na kinachoushika ni skrubu ndogo isiyo na kichwa iliyo chini, isiyoonekana hadi upige magoti. Hufunguliwa kwa spana ya L ya milimita 2 hadi 3 au bisibisi bapa nyembamba. Mkono ukicheza, jaribu hiyo kwanza. Kibati kikicheza, legeza hiyo skrubu ndogo, toa mkono, ukaze skrubu mbili zilizo chini.

Skrubu zinazokula moja kwa moja kwenye bati hupanua tundu lake mwaka hadi mwaka. Kuweka skrubu nene zaidi hununua muda mfupi tu. Panua tundu vizuri na uweke nati ya riveti, ile inayobanwa kwenye bati kama riveti: tundu la milimita 7 kwa M5, milimita 9 kwa M6. Kama bati limekuwa laini na linabonyea ukilisukuma kwa kidole, fungua paneli ya mlango na uweke kibati cha chuma cha milimita 1.5 nyuma yake, kipana mara mbili ya kitako, ili mzigo usambae. Paka rangi kingo za kila tundu jipya siku hiyohiyo.

Kupima

Rudisha plagi, terminali ya betri, jaribu swichi pande zote nne na kupasha joto kama kupo, ndipo ufunge kifuniko. Mwagia maji kwa mpira wa bustani juu ya kitako kwa dakika 2 na utazame ndani kama kuna tone. Kisha endesha kwenye barabara laini, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dirisha likiwa limefungwa. Namba za gari la nyuma zisomeke bila kutetemeka. Mluzi wa upepo maana yake gasketi imejikunja mahali fulani au haijafika ukingoni.

Gasketi mpya hulala baada ya kubanwa. Baada ya wiki moja au kilomita 200 hivi, toa kifuniko tena na ukaze kila nati. Kwa kawaida utapata sehemu ya nane ya duru hadi robo. Ukipata zaidi ya hapo, gasketi uliyoikata ni laini mno au bati chini yake halijanyooka.